Re: Grafu ya marejeo ya Biblia inatoa mistari isiyokuwepo

Habari mkuu. Kama nimekuelewa, unaipa modeli ya akili bandia (AI) sura nzima ya Biblia ikutolee marejeo, halafu grafu, yaani ramani ya mistari na viungo kati yake, inakuja na mistari ambayo haipo kabisa na mstari mmoja unatokea kama nodi (vituo vya grafu) mbili. Mimi nilikwama hapohapo.

Kabla hujagusa maelekezo unayoipa modeli, angalia namba za mistari kwanza. Matendo 2:17 inanukuu Yoeli 2:28 kwenye Biblia zetu, ila kwenye Kiebrania mstari huohuo ni 3:1, na Zaburi 51 kule ina mistari 21 wakati kwetu ni 19 maana kichwa cha zaburi kinahesabiwa. Sasa modeli imesoma zote, inachanganya. Chagua mfumo mmoja, weka mistari yote kwenye databesi, chochote modeli inachotoa kisichomo humo kitupe, usiionee huruma.

Halafu usiwe na kiungo cha aina moja tu cha "inarejea". Kunukuu ni kitu kimoja, kudokeza ni kingine. Marko 1:2-3 inamtaja Isaya peke yake lakini maneno yanatoka Malaki 3:1 na Isaya 40:3, kwa hiyo ukiiuliza modeli "nani katajwa" na "maneno yametoka wapi" kwa pamoja itakupa Isaya tu na Malaki anapotea, na inauma kwa sababu hapo ndipo grafu ingemsaidia msomaji. Uliza mara mbili.

Mimi nimefanya Injili na Matendo tu, Ufunuo sijagusa, na kule ni madokezo matupu, kwa hiyo pitia kila kiungo kwa macho yako.