Maswali na majibu ya kikapu: Dakika za chipukizi kwenye timu inayofungwa

Mwalimu, ninafundisha timu ya ligi hapa Kampala. Tuko mkiani na viongozi wa klabu wanataka matokeo. Nina vijana wawili waliotoka chuo mwaka huu. Nikiwachezesha tunafungwa, nisipowachezesha sijui mwakani nitakuwa na nani. (Kocha, Kampala)

Mechi yetu ina dakika 40. Ushindi na malezi ya kijana havigombanii dakika zote hizo, vinagombania chache tu, hasa tano za mwisho. Kwa hiyo kabla ya mechi andika dakika za kijana: tuseme nne za kumalizia robo ya kwanza na nne za kuanzia robo ya pili. Mwambie mapema kwamba ni zake, na akipoteza mpira usimtoe. Kijana anayegeuka kutazama benchi kila akikosea hachezi tena, anaomba ruhusa. Mtoe kwa sababu moja tu: kutorudi kukaba. Hilo halitokani na ugeni.

La pili ni nani yuko naye uwanjani, na hapa timu dhaifu huumia sana. Mechi ikishaharibika, pointi 25 nyuma, kocha anaingiza vijana watano kwa mpigo na kuita hiyo ni kuwapa nafasi. Hakuna anayewapanga, hakuna anayewapa mpira kwa wakati, wapinzani nao wamepunguza kasi. Watajifunza nini hapo? Msimu wa 2023/24 San Antonio Spurs, timu ya ligi kuu ya Marekani, NBA, walikuwa na chipukizi aliyesubiriwa kuliko wote duniani, Victor Wembanyama, na mwanzoni wakamkabidhi Jeremy Sochan kazi ya kuchezesha timu ilhali si nafasi yake. Mipira ikawa inamfikia Wembanyama imechelewa, au haimfikii kabisa. Walipomrudisha Tre Jones, mchezeshaji halisi, kwenye kikosi cha kuanza, mtoto yule alionekana mchezaji mwingine. Walimaliza na ushindi 22 na vipigo 60, lakini kijana alikua. Basi kila chipukizi wako akiingia, awe na mkongwe mmoja anayejua kumpasia.

Dakika za mwisho za mechi ngumu wape waliocheza vizuri usiku huo. Kama kijana ni mmoja wao, abaki. Viongozi nao waeleze mpango huu leo, kabla ya kipigo kijacho, kwa sababu ukiueleza baada ya kufungwa watausikia kama kisingizio.

Marekani timu hupoteza makusudi ili zipate vijana bora. Kwa nini sisi tusifanye hivyo? (Shabiki, Mbarara)

Kule kuna drafti, ambapo timu za NBA huchagua wachezaji wapya kwa zamu: zilizofanya vibaya hupewa nafasi kubwa zaidi ya kuchagua mapema. Hata hivyo hiyo ni bahati nasibu. Kanuni zilizoanza 2019 zilizipa timu tatu za mwisho zote asilimia 14 tu ya kupata chaguo la kwanza. Detroit Pistons walikuwa wa mwisho kabisa misimu miwili mfululizo, 2022/23 na 2023/24, na mara zote mbili wakaangukia chaguo la tano.

Najua utanitajia Oklahoma City, waliofungwa sana kisha wakatwaa ubingwa 2025. Lakini nyota wao Shai Gilgeous-Alexander walimpata 2019 kwa kubadilishana wachezaji na timu ya Los Angeles Clippers. Jalen Williams naye walimchagua wa 12, kwa chaguo lililotoka kwa Clippers hao hao.

Hapa Uganda ukimaliza wa mwisho hupewi mtu. Kijana mzuri anayemaliza shule hutazama nani anashinda na nani analipa. City Oilers, klabu ya Kampala, walitwaa ubingwa 2013 na kuutetea kila mwaka hadi 2019. Wewe ungekuwa na miaka 20, ungependa kwenda wapi?

Mwanangu ana miaka 19, yuko timu ya ligi lakini hachezi. Nimhamishe? (Mama, Kawempe)

Mama, hapo ulipo ndipo alipokulia Khaman Maluach, mtoto wa Sudan Kusini ambaye familia yake ilihamia Uganda akiwa mdogo. Kwenye BAL, ligi ya klabu za Afrika, alipita timu tatu: Cobra Sport 2022, AS Douanes 2023, City Oilers 2024. Oilers hawakuvuka hatua ya makundi mwaka huo, lakini yeye alikuwa mhimili wao, na mwaka 2025 alichaguliwa wa 10 kwenye drafti ya NBA. Siwezi kumwekea mwanao ahadi kama hiyo. Ninachokiona ni kwamba timu isiyoshinda inaweza kumjenga kijana ikimpa kazi ya kweli.

Mwambie amuulize kocha kwa adabu: nirekebishe nini ili nicheze? Akijibiwa jambo mahususi, kama kukaba kwa miguu au kutuliza mpira, abaki msimu mmoja. Akijibiwa "vumilia tu" mara mbili, mtafutieni timu nyingine.

Nina miaka 33. Kocha anataka nimlee kijana wa nafasi yangu, na mkataba wangu unaisha. Si ninajichimbia kaburi? (Mchezaji, Jinja)

Ndugu yangu, hofu yako ni ya haki na klabu inapaswa kuijibu kwa maandishi. Pistons niliowataja walishinda mechi 14 msimu wa 2023/24. Uliofuata wakawaleta wakongwe kama Tobias Harris na Tim Hardaway Jr. wacheze pamoja na vijana wao, wakashinda 44. Wakongwe wale hawakuletwa kwa hisani, walilipwa. Nawe omba malezi yaandikwe kwenye mkataba mpya kuwa ni sehemu ya kazi yako, yawe na malipo yake. Wakikubali, mfundishe kijana kila kitu unachokijua, usimfiche hata kimoja. Wakikataa, utakuwa umejua mapema wanakuthamini kiasi gani.

Tulete mchezaji wa kulipwa kutoka nje? (Kiongozi wa klabu, Entebbe)

Mleteni kwa nafasi ambayo hamna kijana wa kuijaza. Kama chipukizi wenu bora ni mrefu wa chini ya kikapu, tafuteni mchezeshaji.