Maswali ya Wasomaji: Ganon Alishinda Lini?

Mwezi huu tumepokea barua tatu zinazohusu jambo moja, nalo ni namna ya kupanga kwa utaratibu wa wakati visa vya The Legend of Zelda, mfululizo wa michezo ya video wa kampuni ya Nintendo ya Japani ulioanza mwaka 1986 na ambao bado unaendelea. Kwa wasomaji wasioufahamu, karibu kila mchezo una kijana aitwaye Link, binti mfalme aitwaye Zelda, nchi iitwayo Hyrule na adui aitwaye Ganon au Ganondorf. Lakini mara nyingi Link wa mchezo mmoja si yule wa mchezo mwingine, bali wametenganishwa na vizazi, kama mjukuu anavyopewa jina la babu yake.

SWALI: Mhariri, shikamoo. Mimi na mdogo wangu, hapa Nkuhungu, Dodoma, tumebandika ukutani karatasi ya manila na kuchora juu yake mpangilio wa matukio ya michezo yote ya Zelda. Tulianza vizuri, lakini tulipofika Ocarina of Time mstari uligawanyika mara tatu, na tawi moja linasema kwamba shujaa alishindwa na Ganon. Mchezo huo nimeumaliza mara mbili na sijaona mahali aliposhindwa. Mdogo wangu anadai kwamba Nintendo walitunga tu ili kuziba pengo. Je, mtu anayetaka kuyapanga matukio haya aanzie wapi, na tawi hilo la tatu tuliamini?
Msomaji, Nkuhungu

JIBU: Marahaba. Nianze na mdogo wako, kwa sababu amegusa penyewe, ingawa lile neno “tu” linawaonea watu wa Nintendo.

Ugumu wa mfululizo huu ni kwamba visa vyake havikutolewa kwa mfuatano. Mchezo wa kwanza ulitoka mwaka 1986, na Zelda II ikafuata mwaka 1987 ikimwendeleza Link yuleyule, sasa akiwa na umri wa miaka 16. Hadi hapo hakuna tatizo. Lakini A Link to the Past ya mwaka 1991 ilirudi nyuma, Ocarina of Time ya mwaka 1998 ikarudi nyuma zaidi, na Skyward Sword ya mwaka 2011 ikaenda hadi mwanzo kabisa, kabla Hyrule haijawa ufalme. Anayepanga kwa tarehe za kutoka kwa michezo amepotea kabla hajaanza.

Njia ninayoipendekeza niliipata Kolo, wilayani Kondoa, mbele ya michoro ya miambani iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Hakuna mchoro hata mmoja pale wenye tarehe. Hata hivyo, ukiusogelea mwamba unaona mnyama aliyechorwa kwa rangi nyekundu iliyofifia, na juu yake imepita rangi nyeupe, nzito, ikamfunika sehemu ya mgongo. Huhitaji kujua ilipita miaka mingapi kati ya mikono hiyo miwili ili kusema ni upi uliotangulia. Nyeupe imelala juu ya nyekundu, basi nyekundu ndiyo ya kale. Michezo hii nayo ipangwe hivyohivyo. Msiulize kisa hiki ni cha mwaka gani, bali ulizeni kimelala juu ya kipi, yaani kinamkumbuka mwenzake yupi.

Chukueni The Wind Waker, iliyotoka Japani Desemba 2002. Link anashuka chini ya bahari na kuingia katika kasri lililozama, ambamo ukumbini imesimama sanamu ya Shujaa wa Wakati, yaani Link wa Ocarina of Time, na chini ya ukumbi huo, katika chumba chenye upanga mtakatifu, kuta zimezungukwa na madirisha ya vioo vya rangi yenye sura za wahenga. Wahenga hao ndio wale wa Ocarina of Time, na aliyeucheza mchezo huo anawatambua mmoja mmoja. Hapo hakuhitajiki kitabu wala mahojiano. Kadhalika katika Spirit Tracks ya mwaka 2009 kuna mzee aitwaye Niko, anayeishi kijijini kwa Link, ambaye katika The Wind Waker alikuwa baharia kijana wa maharamia, mwenye majivuno, akimtambia Link kwa ustadi wake wa kubembea kwenye kamba merikebuni. Mtu mmoja amezeeka kati ya mchezo na mchezo! Ushahidi wa namna hiyo uandikeni kwa wino. Uliobaki uandikeni kwa penseli.

Baada ya mchezo wenyewe hufuata kitabu cha maelekezo na maandishi ya kwenye kasha, kisha kauli za watengenezaji, na mwisho vitabu vilivyochapishwa baadaye. Siwashushi hadhi watengenezaji kwa kuwaweka hapo, ila kauli zao zimewahi kugongana na kazi zao wenyewe. Mwaka 1998 Shigeru Miyamoto, mmoja wa waasisi wa mfululizo, alipoulizwa mpangilio alisema kwamba Ocarina of Time ni ya kwanza, inafuatwa na mchezo wa mwaka 1986, kisha Zelda II, na A Link to the Past ndiyo ya mwisho. Lakini nyuma ya kasha la A Link to the Past lililouzwa Marekani imeelezwa kwamba wahusika wake ni watangulizi wa Link na Zelda, yaani wale wa michezo miwili ya awali. Bwana Miyamoto na kasha la mchezo wake wanapingana. Mimi nimesimama na kasha, na Nintendo nao baadaye walisimama upande huohuo.

Sasa tawi lenu la tatu. Matawi mawili ya kwanza yanaonekana kwa macho. Mwishoni mwa Ocarina of Time, Link aliyerukishwa miaka 7 hadi utu uzima anamshinda Ganon, kisha Zelda anamrudisha utotoni. Ule wakati alioutoka unabaki bila shujaa, na Ganon anapochomoka tena kifungoni watu wanamsubiri mwokozi ambaye haji, mpaka miungu inaigharikisha nchi; huko ndiko iliko The Wind Waker. Katika ule wakati aliorudi, Link anawahi kumwonya Zelda kabla mambo hayajaharibika, Ganondorf anatiwa mbaroni, na Twilight Princess ya mwaka 2006 inatuonyesha jinsi utekelezaji wa adhabu yake ya kifo ulivyokwenda kombo. Eiji Aonuma, ambaye kwa miaka mingi ameusimamia mfululizo huu, aliueleza mgawanyiko wa nyakati hizo mbili tangu siku za The Wind Waker.

Iliyobaki bila pa kukaa ni A Link to the Past. Historia yake inasimulia kwamba Ganon aliipata nzima Triforce, kile kitu kitakatifu cha vipande vitatu kinachotimiza matakwa ya anayekigusa, kwamba upanga wa kumpinga ulikuwapo lakini hakupatikana wa kuushika, na kwamba wahenga saba walimfungia huku walinzi wa ufalme wakifa kwa wingi ili kuwakinga. Katika Ocarina of Time, Ganondorf anabaki na kipande kimoja tu kati ya vitatu vya Triforce, na wa kuushika upanga yupo tele. Ukijaribu kukilaza kisa kimoja juu ya kingine, kingo hazikutani. Ndipo Desemba 2011, katika mwaka wa 25 wa mfululizo, kilipotoka nchini Japani kitabu cha Hyrule Historia chenye mpangilio rasmi, na jawabu lake lilikuwa hili: tuseme Link alianguka katika pambano lile la mwisho. Ganon akatwaa vipande vyote vitatu, shujaa hayupo tena, na wahenga hawakuwa na njia nyingine ila kumfungia pamoja na Triforce yake. Kutoka hapo mstari unashuka hadi A Link to the Past, na chini kabisa unaufikia ule mchezo wa mwaka 1986.

Je, ni kiraka? Ni kiraka, lakini kilichoshonwa na fundi anayejua kitambaa chake, maana maelezo ya kale ambayo hayakuwa na pa kwenda yalipata mahali bila kukatwa. Tena unasema umeumaliza mchezo mara mbili bila kumwona Link akishindwa. Naamini umemwona akishindwa mara nyingi. Ulibonyeza kitufe ukaendelea.

Linalonikera ni jingine. Kwa hoja hiyo kila mchezo ungestahili tawi lake la kushindwa, na sioni kwa nini Ocarina of Time peke yake ipewe heshima hiyo, isipokuwa kwamba hapo ndipo palipokuwa na mayatima wa kulelewa. Kitabu chenyewe kinakiri kwamba kimekusanya yale yanayoaminika kwa wakati huo, na kweli baadaye Nintendo walikisogeza kisa cha Link's Awakening, kilichokuwa baada ya visa viwili vya Oracle, wakakiweka kabla yake. Kwa hiyo tawi la tatu lichoreni kwa mstari wa vitone, msilifute.

SWALI: Mhariri, salaam. Nafundisha historia katika shule ya sekondari na nacheza Zelda jioni, nikishamaliza kusahihisha madaftari. Nintendo wameiweka Breath of the Wild ya mwaka 2017 mwishoni mwa mpangilio bila kusema iko katika tawi lipi. Mimi nasema ni tawi la The Wind Waker, kwa kuwa watu-ndege waitwao Warito wamo, na chumvi ya mawe inaelezwa kuwa imetokana na bahari ya kale. Pia naomba ufafanuzi kuhusu Tears of the Kingdom ya mwaka 2023, inayomwonyesha Rauru akiwa mfalme wa kwanza wa Hyrule: tumweke kabla au baada ya Ocarina of Time?
Mwalimu, Mpwapwa

JIBU: Mwalimu, ile chumvi ni hoja nzuri kuliko Warito. Warito wa The Wind Waker ni kizazi cha Wazora, watu wa majini waliobadilika, lakini katika Breath of the Wild Wazora wapo hai na wenye afya, wakiishi mwendo wa siku chache kutoka kwa hao wanaodaiwa kuwa wajukuu zao. Chumvi haina kasoro hiyo. Lakini nayo haitoshi, kwa sababu katika mchezo huohuo Zelda anatamka maneno ya kumbariki shujaa yanayogusa anga, wakati na machweo kwa pamoja, na machweo ni ya Twilight Princess, iliyo katika tawi jingine. Ramani nayo imejaa majina ya mahali yaliyookotwa kutoka kila upande. Shahidi anayewataja wote hajamtaja yeyote. Watengenezaji walijipa nafasi kubwa ya kupumua kwa kusema kwamba janga la kale la Ganon lilitokea miaka 10,000 kabla, na katika umbali huo mito yote mitatu inaweza kuwa imeishia katika bwawa moja, wala sioni aibu kuichora Breath of the Wild peke yake, chini ya matawi yote, bila mstari wa kuiunganisha na lolote.

Kuhusu Rauru, jambo la kuangalia ni jina. Tears of the Kingdom inasimulia Vita vya Kufungiwa, na jina hilohilo ndilo linalotumika kwa vita vya A Link to the Past, lakini matukio hayafanani: huku mfalme anajitoa mwenyewe kumzuia Ganondorf kwa mkono wake chini ya ardhi, kule wahenga saba wanaufunga mlango wa ulimwengu mwingine. Sisi wa Dodoma hatupaswi kushangaa. Wazee wa Kigogo wanasema mji huu umeitwa Idodomya, yaani “imezama”, kwa sababu ya tembo aliyezama matopeni. Na wazee wengine, wa Kigogo vilevile, wanasema waliozama ni ng'ombe wa Wahehe, au tuseme hivyo ndivyo wenye ng'ombe walivyoambiwa na watu waliokwisha kuwala na kuchomeka mikia yao ardhini. Jina moja, visa viwili, na hakuna anayelazimika kuwafanya tembo na ng'ombe kuwa mnyama mmoja.

Mwongozaji wa mchezo, Hidemaro Fujibayashi, katika mahojiano ya mwaka 2023 alidokeza, kwa tahadhari na kama uwezekano tu, kwamba kabla ya kuasisiwa kwa Hyrule hii huenda kulikuwa na historia ya maangamizi. Nikimchukua kwa neno lake, Rauru si mfalme wa kwanza wa Hyrule zote, bali wa Hyrule ya mwisho, iliyosimamishwa juu ya magofu ya ile ya zamani baada ya watu kusahau. Hiyo inakidhi ushahidi kuliko kumbana katikati ya Skyward Sword na Ocarina of Time, ambapo angelazimika kuwa na Ganondorf wake aliyelala chini ya kasri wakati Ganondorf mwingine anapiga magoti ukumbini juu yake. Si jambo lisilowezekana, lakini ni msongamano.

SWALI: Mhariri, kwa nini usituambie miaka? Hata 500 au 1,000 tuiandike, ili mchoro upendeze.
Msomaji, Manyoni

JIBU: Kwa sababu mingi haipo, ndugu yangu. Iliyopo ni michache: miaka 7 ndani ya Ocarina of Time, miaka kama 100 kati ya Phantom Hourglass na Spirit Tracks, miaka 100 ambayo Link alilala kabla ya kuamka katika Breath of the Wild, na ile 10,000 niliyoitaja. Hiyo iandike. Kati ya Skyward Sword na The Minish Cap chora mshale mrefu usio na namba, na mgeni akikuuliza ni mrefu kiasi gani, mwambie umeishia ulipoishia ukuta.