Picha inasema stenti iko wazi, mbona kifua bado kinakaza?

Barua za wiki hii karibu zote zinazunguka kitu kimoja: mutu aliwekewa stenti ya dawa (ka tiyo ka waya ka kufungua mushipa wa moyo, kamepakwa dawa) huko India ao Afrika ya Kusini, akarudia hapa Lubumbashi na furaha yote, kisha kifua kikaanza tena. Najibu moja moja; majina kama Golf ao Kenya ni mitaa ya hapa Lubumbashi.

Papa wa Golf, miaka 61: Asubuhi na mapema, sana sana hii mwezi wa sita na baridi yake, kifua kinanikaza kama dakika kumi kisha inaisha. Walipiga tena picha ya mishipa, stenti iko wazi. Watoto wanasema ni mawazo tu.

Papa, usikubali neno "mawazo" mbio mbio hivyo. Picha ilipigwa wakati mushipa umetulia, na mushipa wa moyo si tiyo ya plastiki, iko na misuli inakaza na kulegea kila siku. Ndani kabisa kuna ngozi nyembamba, unene wa seli moja tu, yenyewe ndiyo inatengeneza oksidi ya nitriki, ile gesi inaambia misuli ilegee (Furchgott, Ignarro na Murad walipata Nobel ya mwaka 1998 juu yake). Sasa stenti ikiingia, hiyo ngozi inachubuka, na dawa yenye kupakwa juu ya chuma kazi yake ni kuzuia seli zisiote zikaziba njia tena, lakini haichagui, inachelewesha na ngozi nzuri isirudi, tena ile plastiki inabeba dawa inaweza kuwasha ukuta wa mushipa. Ndiyo mushipa unakuwa mwepesi wa kukaza, damu inapita kidogo na kifua kinauma. Ndani ya stenti penyewe chuma kimeshikilia, kwa hiyo mara nyingi inakaza pembeni yake, sana sana upande wa mbele kule damu inaendelea. Na asubuhi mapema na baridi ndiyo saa zake.

Mama wa Katuba: Kumbe walituwekea kitu kibaya? Heri ile ya chuma tupu?

Hapana mama. Stenti ya kwanza kwa mutu iliwekwa Toulouse mwaka 1986, na zile za chuma tupu watu wengi walikuwa wanazibwa tena kisha miezi michache. Za dawa zilikuja Ulaya mwaka 2002, Marekani 2003, zikaokoa wengi kurudi kwa meza ya operesheni. Shida hii ya kukaza ilionekana sana kwa zile za kwanza, zenye kupakwa dawa za sirolimus na paklitakseli. Za sasa, kama za everolimus, nyuzi zake ni nyembamba na shida imepunguka. Haijaisha.

Kijana wa Kampemba: Dokta atajua namna gani kama picha haionyeshi?

Kuna kipimo: wanaingiza asetilikolini kidogo kidogo ndani ya mushipa wa moyo. Mushipa muzima unapanuka, wenye ngozi mbovu unakaza palepale na wanauona. Inafanywa mu chumba cha mishipa tu, na dawa ya kulegeza iko tayari mkononi. Kama haupati hiyo, andika kila maumivu: saa ngapi, ulikuwa umepumzika ao unatembea, nitrogliserini (dawa ya kulegeza mishipa) chini ya ulimi ilituliza kisha dakika ngapi. Karatasi hiyo inasaidia dokta sana, kuliko kusema tu "inauma".

Mama wa Ruashi: Bwana yangu anakunywa propranololi, ile dawa ya kupunguza mbio ya moyo. Ni hiyo inafaa?

Kwa magonjwa ingine ya moyo ndiyo, lakini kwa mushipa wenye kukaza, propranololi peke yake inaweza kuzidisha. Zenye kusaidia ni za jamii ya amlodipini na diltiazemu, pamoja na nitrati, jamii ya nitrogliserini. Asiikate mwenyewe lakini, tafazali, kuikata ghafula nayo ni hatari; mwende pamoja kwa dokta na muulize neno "spazimu", ndiyo kusema mushipa kukaza. Na kama anavuta sigara, aache leo, sigara ni adui wa kwanza wa ugonjwa huu.

Yaya wa Kenya: Klopidogreli, dawa ya kuzuia damu isigande, iko bei, naweza kuacha kisha miezi miwili?

Usiache yaya! Ngozi ikichelewa kurudi, chuma kinabaki wazi ndani ya damu, na damu inaweza kuganda pale ukiacha. Wengi wanakunywa na aspirini miezi 6, wenye walipata shambulio la moyo 12. Pesa ikikosa, uambie dokta mbele vidonge viishe, si kisha.

Papa hakusema anaishi wapi: Vidonge vya nguvu za kiume na nitrogliserini?

Pamoja, hapana kabisa. Tansio inaanguka na mutu anaweza kufa. Na maumivu yakipita dakika tano kisha nitrogliserini, panda gari uende lopitali, usingoje asubuhi.