Akunje karatasi, achukue sindano

Wiki hii mmeuliza: mshairi asiye na mchapishaji afanye nini na mashairi yake? Jibu langu liko hapo juu kwenye kichwa. Maelezo ndiyo marefu kidogo, mnivumilie.

Mimi ni mshona kofia za vito, Lamu, mtaa wa Langoni. Natunga huku nashona, maana kuhesabu vitobo vya kofia na kuhesabu mizani, yaani silabi za mstari, ni kazi zinazopatana. Lakini kijitabu changu cha kwanza sikukishona. Nilipeleka daftari kwenye duka moja la kuchapa, nikalipia nakala 40, nikaambiwa nirudi baada ya siku tatu.

Kumbe kijana wa kompyuta alikuwa mwema kupita kiasi. Kila alipokutana na neno la Kiamu, Kiswahili chetu cha Lamu, alilisahihisha. Nilikuwa na ubeti wenye vina vya moto, ndoto na mato. Yeye akaandika macho. Hebu usome kwa sauti uone kina kilivyokufa. Nti ikawa nchi, iwe likawa jiwe, na mimi nikawa mtu nisiyemjua. Mashairi ya mizani 16 akayabana kwenye kurasa ndogo, mstari ukawa unakatika popote pale karatasi ilipoishia, ukwapi na utao, nusu ya kwanza na ya pili ya mstari, vikachanganyika kama mchele na choroko. Na zile pini za stepla, kwa hewa yetu ya chumvi, masika hayajesha zilikwisha shika kutu. Kila nakala ina doa la hudhurungi katikati. Mpaka leo ninazo chache, sithubutu kumpa mtu.

Mama yangu ndiye aliyeishika moja, akaipindua, akasema, "Mwanangu, hiki si chashoneka kama kofia?"

Chashoneka. Siku hizi naanza na bahari, yaani aina ya shairi, karatasi baadaye. Utendi una mizani 8 kwa kipande, kwa hiyo unakaa vizuri kwenye robo ya A4, kijitabu cha kutia mfuko wa kanzu. Shairi la mizani 16 linataka nusu ya A4, ili ukwapi na utao vikae mstari mmoja bila kusukumana. Naandika kwa mkono, kalamu nyeusi, kisha natoa fotokopi. Hakuna wa kunisahihishia mato yangu.

Kinachowasumbua wengi ni mpangilio wa kurasa, nami uliniharibia karatasi nyingi. Karatasi moja ikikunjwa katikati inatoa kurasa nne, kwa hiyo karatasi nne zinatoa 16. Ukurasa wa 1 unakaa upande mmoja na wa 16, wa 2 na wa 15, wa 3 na wa 14. Jumla ni 17 daima. Ukipata 18, simama, usifotokopi.

Jalada natumia manila. Natoboa matundu matatu kwenye mkunjo kwa shazia, ile sindano nene, uzi naupitisha kwenye kipande cha mshumaa usikwaruze karatasi. Sindano inaingia tundu la kati kutokea ndani, inapanda kwa nje hadi tundu la juu, inarudi ndani, inashuka moja kwa moja hadi la chini, inatoka, kisha inarejea la kati. Ncha mbili za uzi ziache zikumbatie ule uzi mrefu wa ndani, ndipo ufunge. Kofia yanila miezi. Kijitabu, dakika kumi, na chai juu yake.

Kuna watakaosema huku si kuchapisha. Sawa. Mwana Kupona binti Msham alipomtungia bintiye utendi mwaka 1858, sidhani kama kuna aliyemuuliza mchapishaji wake ni nani. Watu walinakili kwa mkono, na Siyu, hapo Pate, palisifika kwa wanakili wa misahafu. Fotokopi ni mjukuu wao tu, tena mvivu.

Jambo moja nililolipata kwa bahati: kurasa 16 mara nyingi zinabaki na mmoja mtupu mwishoni. Mwanzo nilikuwa nauchora maua. Siku ya Maulidi niliwauzia watu vijitabu barazani kabla sijawahi kuuchora, nao ukaenda hivyo hivyo, mweupe. Miezi miwili baadaye nahodha mmoja wa Kizingitini akanirudishia nakala yake, imepauka kwa jua na kunuka samaki. Kwenye ule ukurasa alikuwa amenijibu, beti mbili kwa kalamu ya risasi, ananibishia niliyosema juu ya pepo za kusi. Tangu hapo nauacha mtupu makusudi.

Kina chake cha kati kilikuwa kinachechemea. Beti zake nimeziweka kwenye kijitabu cha tatu, pamoja na jibu langu.