Tui likigoma kutoa mafuta, usilaumu nazi

Wengi wanaoniuliza kwa nini tui lao limelala usiku kucha bila kutoa mafuta huanza kwa kulaumu nazi. Nazi za huku Tanga, ziwe za Pangani au za Mkinga, zikiwa zimekomaa mafuta zinayo. Tatizo mara nyingi liko mpakani, pale mafuta yanapogusana na maji.

Tui ni matone madogo mno ya mafuta yaliyotawanyika ndani ya maji. Molekuli za maji huvutana zenyewe kwa zenyewe kuliko zinavyoyavuta mafuta, kwa hiyo yakiachiwa, matone huungana na mpaka hupungua. Lakini nazi ina protini, na protini ina sehemu zinazopenda maji na sehemu zinazoyakimbia. Basi hujaa mpakani, hujikunjua na kushikana, kila tone likavikwa utando. Matone mawili yakigongana yanapishana tu. Kazi yako yote ni kuuvunja utando huo.

Ndiyo maana sipendi blenda izungushwe muda mrefu. Inazidi kuyakata matone, na tone likipungua kipenyo kwa nusu, mwendo wake wa kupanda juu unashuka hadi robo. Mimi nakuna kwa mbuzi, nakamua kwa maji vuguvugu, nachuja, basi. Hata wanaotenga shaba huko Zambia na Kongo, wanaoihamisha kutoka kwenye maji ya asidi kwenda kwenye kimiminika cha jamii ya mafuta ya taa, wanaijua shida hii: ukikoroga kidogo shaba haivuki mpaka, ukizidisha tabaka mbili zinakataa kuachana.

Tia tui kwenye chombo kirefu kinachoonyesha ndani. Baada ya saa 2 au 3 krimu itakuwa juu na maji chini. Yatoe maji kwa mpira wa kunyonyea. Funika krimu kwa kitambaa safi, uiache mahali pa joto hadi kesho yake. Bakteria wataichachusha, na pH (kipimo cha uchachu, hushuka uchachu ukizidi) ikishuka kati ya 4 na 5, protini hupoteza chaji ya umeme iliyokuwa ikizifanya zisukumane, zinagandana kama mtindi. Itazame ubavuni mwa chombo: kwanza utaona vidoa angavu ndani ya weupe, kisha vidoa vinaungana, mwishowe tabaka zima la mafuta. Tafadhali, hapo usikoroge wala usikihamishe chombo.

Wakati wa kipupwe mambo hubadilika, maana mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Wenye friji wanaweza kuitumia baridi yenyewe: gandisha krimu, kisha iache iyeyuke taratibu. Fuwele za mafuta hutoboa utando, matone yakaungana. Kwa tui jepesi usijisumbue.

Na vyombo visuuzwe mpaka utelezi uishe kabisa. Sabuni nayo hukaa mpakani, na ikibaki inawapa mafuta na maji sababu nyingine ya kung'ang'aniana.

Mafuta yakishatenga, yateke kwa upawa mkavu bila kuchota maji ya chini, yachuje kwa kitambaa kikavu, kisha yapashe kwa moto mdogo mpaka vipovu viishe. Maji yakibaki ndani, mafuta hayakawii kuvunda.