Feni ya bafuni inavuma, mvuke hautoki

SWALI: Feni ya kutolea hewa bafuni inanguruma, lakini dari imeota kuvu. Ninunue mpya? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Subiri kwanza. Iwashe, weka kipande cha tishu kwenye wavu wake, kikianguka, haivuti. Zima umeme kwenye meni swichi, vua kifuniko, safisha mapanga kwa brashi kavu. Mota isiguswe na maji. Kagua vibao vya nje vinavyofunguka hewa ikitoka: vumbi na utando wa buibui huvigandisha, hewa ikakosa pa kutokea. Mapanga mazito ukiyasukuma kwa kidole? Tia matone 2 ya mafuta ya cherehani kwenye bushi, yaani pete inayoshika mhimili wa mota. Yakiwa mepesi lakini hayaanzi kuzunguka yenyewe, mara nyingi kapasita, kifaa kinachoisaidia mota kuanza, imechoka. Fundi aweke yenye maikrofaradi (kipimo cha uwezo wake) zilezile. Na chini ya mlango acha upenyo wa sentimita 1 hadi 2, kwani feni haiwezi kutoa hewa isiyoingia.