Kurudi darasani ukiwa tayari na uzamili: jibu kwa mdogo wangu aliye Nairobi

Mdogo wangu,

Umeniuliza, kwa niaba yako na ya wenzako mnaofundisha fasihi kwa malipo ya saa katika vyuo vya Nairobi, kwa nini mtu aliyekwisha kuhitimu uzamili na kusimama mbele ya wanafunzi miaka kadhaa aende Marekani akaketi tena darasani kabla ya kuruhusiwa kuandika tasnifu ya uzamivu. Ukaongeza kwamba wapo wanaosema masomo hayo ni ya kumchelewesha mtu tu. Nitakujibu bila kuficha, mimi ninayesoma uzamivu huku Marekani, kwa sababu uamuzi ulio mbele yako ni wa miaka sita au saba ya maisha yako.

Mfumo tuliourithi kutoka Uingereza humtaka mtahiniwa aje na pendekezo, apewe wasimamizi, kisha aandike. Hata pale vyuo vyetu vilipoongeza masomo ya darasani, uzito umebaki kwenye tasnifu. Idara nyingi za fasihi za Marekani humpokea mwanafunzi kabla mada yake haijaiva. Kwa takriban miaka miwili husoma semina mbili au tatu kila muhula, na semina nyingi humalizika kwa makala ya kurasa 20 hadi 25. Baadaye huja mtihani mkuu, ambao wewe na walimu wako huutungia orodha ndefu za vitabu, unavisoma kwa miezi, kisha unahojiwa ana kwa ana na jopo. Kuna pia sharti la kuweza kusoma lugha moja au zaidi za kigeni, na utetezi wa pendekezo la utafiti. Ukishavuka hayo yote ndipo unapoachiwa tasnifu.

Sasa nikueleze kinachofanyika humo ndani, maana hapo ndipo penye jibu la swali lako. Semina ni saa mbili au tatu mfululizo, watu kumi hivi wameizunguka meza, na kila mmoja amesoma maandishi yaleyale. Zamu yangu ilipofika katika semina ya ushairi, niliwasilisha beti chache za utenzi ambao Mwana Kupona alimtungia binti yake mwaka 1858. Nilieleza yale tuliyofundishwa sote sekondari: ubeti wa vipande vinne, mizani nane kwa kila kipande, vina vitatu vinavyofanana ndani ya ubeti, na kina cha kipande cha nne ambacho hakibadiliki utenzi mzima. Mwenzangu aliyekuwa akitafiti ushairi wa Kijerumani aliuliza: ikiwa kina hicho cha mwisho hakibadiliki kamwe, sikio la msikilizaji linangoja nini? Hatukutoka tena kwenye beti zile hadi kipindi kikaisha. Mmoja alidai kwamba kina kinachorudi humtuliza binti anayeusiwa, mwingine akashikilia kwamba humbana. Mwalimu aliandika kila dai ubaoni na kumtaka mwenye dai aonyeshe ni neno lipi, katika ubeti upi, linalolithibitisha. Mimi niliyekuwa nikihesabu mizani tangu utotoni sikuwahi kuulizwa mizani hiyo inafanya kazi gani.

Hayo ndiyo mafunzo, na nayathamini kuliko kitu kingine chochote nilichokipata huku. Katika uzamili wetu tumezoea sura ya kwanza yenye tatizo la utafiti, malengo na maswali, kisha mtu huchagua nadharia na kuivisha riwaya kama nguo ya kuazima, hata pale inapoibana mabegani. Huku makala yangu ya kwanza ilirudi ikiwa na swali moja pembeni mwa karibu kila aya: nani anabishana nawe hapa? Kuorodhesha waliotangulia kuandika hakukutosha. Ilinibidi nieleze walikubaliana wapi, walikwama wapi, na hoja yangu inabadilisha nini katika mjadala wao. Ustadi huo haupatikani kwa kujifungia na vitabu, kwa kuwa unahitaji wasomaji wanaokupinga kila wiki, tena walioisoma kazi yako hadi mwisho.

Lakini kuna jambo linaloniuma, nawe ulijue mapema. Sisi tumelelewa na hoja iliyotolewa katika kilichokuwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi mwezi Oktoba 1968, pale Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipotaka Idara ya Kiingereza ivunjwe na fasihi ya Afrika, pamoja na fasihi simulizi, iwekwe katikati. Tumezoea kuanzia nyumbani ndipo tutoke nje. Huku mwendo ni kinyume. Utadaiwa uwajue wanafikra wa Ulaya kama Hegel, Marx na Freud kana kwamba ulizaliwa nao, na hakuna atakayeona aibu kutomjua Muyaka, mshairi wetu wa Mombasa. Fasihi ya Afrika huenda ikawa semina moja kwa mwaka, na mara nyingi ni riwaya za Kiingereza na Kifaransa tu. Utabeba mizigo miwili, wao watabeba mmoja. Nimejifunza kuudai muda wa kuueleza wangu, na nitaendelea kuudai.

Kuhusu fedha nitasema kwa ufupi. Ukipata ufadhili kamili hulipi karo, nawe hupewa posho kwa kufundisha, mara nyingi uandishi wa insha kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Posho hutofautiana sana kati ya chuo na chuo, na mikataba mingi ni ya miezi tisa, kwa hiyo miezi ya kiangazi hujitegemea. Mwenye viza ya mwanafunzi haruhusiwi kuzidisha saa 20 za kazi kwa wiki wakati wa muhula, na kazi yenyewe ni ya ndani ya chuo, isipokuwa kwa kibali maalumu. Mwenzi wake anayekuja kwa viza ya kumfuata haruhusiwi kufanya kazi kabisa. Kodi ya nyumba humeza sehemu kubwa. Michango ya matanga na harusi hunifikia kwenye simu kama inavyokufikia wewe, nami husikitika kila ninaposhindwa kutoa, kwa sababu wengi huko hawaamini kwamba aliye Marekani anaweza kukosa.

Wala usije kwa kutegemea ajira ya huku. Tangu mdororo wa uchumi wa 2008, nafasi za kudumu za kufundisha fasihi katika vyuo vya Marekani zimepungua mno, na wapo wahitimu hodari wanaofundisha kwa mkataba wa muhula mmoja mmoja, hali unayoijua vizuri kuliko mimi.

Ushauri wangu ni huu. Ikiwa tayari unalo swali linalokukosesha usingizi, na vyanzo vyake viko Lamu, Mombasa au kwenye Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa hapo Moi Avenue, jiandikishe Nairobi na utafute ufadhili wa miezi michache wa kuja kuhudhuria semina. Hata miswada ya Kiswahili iliyo London imewekwa kwa sehemu kwenye intaneti. Ikiwa unahisi bado hujafundishwa kusoma kwa namna niliyokueleza, na unaweza kuwa mbali na mama kwa muda huo wote, njoo, wala usiwasikilize wanaosema darasa ni kupoteza wakati.

Usikubali nafasi isiyo na ufadhili wa miaka mitano ulioandikwa waziwazi. Uliza kiangazi kinalipwa vipi, bima ya afya inagharamia nini, na kama Kiswahili kinahesabiwa miongoni mwa lugha za utafiti. Uliza pia ni nani katika idara anayeweza kusimamia kazi ya fasihi ya Kiswahili, na kama atakuwepo miaka minne ijayo. Vyuo vingi huwapa waliopewa ufadhili hadi tarehe 15 Aprili kujibu, kwa hiyo barua ikifika usiitie sahihi siku hiyohiyo. Nitumie nakala tuipitie pamoja.